Soko la nyumba: Fleti ya Kariakoo, umenunua mali au funguo tu?

DAR ES SALAAM. Wapo wafanyabiashara wengi wa Kariakoo ambao duka lao liko Mtaa wa Kongo au Msimbazi, na nyumba yao iko Mbagala, Kimara au Gongo la Mboto. Hufunga duka usiku, huhesabu mauzo, kisha huanza safari ya kurudi nyumbani wakiwa na fedha mfukoni na uchovu mwilini. Kwa mtu wa namna hii, tangazo la fleti ya vyumba vitatu katika ghorofa ya sita, umbali wa dakika tano kwa miguu kutoka dukani, ni kishawishi kikubwa.

Ndiyo maana soko la fleti katika Kariakoo, Gerezani na maeneo ya jirani lina wanunuzi wa aina mbili. Wa kwanza ni mfanyabiashara anayetaka kuishi karibu na kazi yake. Wa pili ni mwekezaji mdogo anayetafuta mahali pa kuweka akiba ili apate pango kila mwezi. Wote wawili huonyeshwa chumba kizuri, vigae vinavyong'aa, jiko la kisasa na lifti mpya. Wachache huonyeshwa kitu ambacho ndicho hasa kinachouzwa, yaani hati.

Nyumba ya Kiswahili ilivyogeuka ghorofa

Kariakoo ilipata jina lake kutokana na Kikosi cha Wapagazi cha jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kikosi kilichoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Kwa miongo mingi eneo hilo lilikuwa la nyumba za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba pande zote mbili, na ua nyuma wenye jiko na choo. Mwenye nyumba aliishi chumba kimoja au viwili na vilivyobaki akapangisha. Viwanja vilikuwa vidogo na vilipimwa kwa mistari iliyonyooka, jambo ambalo baadaye liliwarahisishia kazi wajenzi.

Mabadiliko yalianza pale milango ya biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980. Bidhaa kutoka nje zikaanza kumiminika, na mitaa iliyozunguka Soko Kuu lililofunguliwa mwaka 1975 ikageuka duka kubwa la nchi nzima, na hata la majirani wa Zambia, Malawi na Kongo. Fremu moja ya chini ikawa na kipato kikubwa kuliko vyumba vyote vya nyumba ya zamani. Hapo ndipo ukumbi na ua vikaanza kubomolewa na ghorofa kuota: maduka chini, stoo juu yake, na makazi juu zaidi.

Miundombinu mipya ikaongeza mvuto. Mabasi yaendayo haraka yalianza kutoa huduma mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, kukiwa na tawi la kwenda Gerezani. Treni ya reli ya kisasa ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, na mwaka huohuo ikafika Dodoma. Soko Kuu lenyewe liliungua Julai 2021, na kazi kubwa ya ukarabati pamoja na ujenzi wa jengo jipya ikafuata. Haya yote humfanya dalali aseme neno moja tu: "bei inapanda." Inawezekana ni kweli. Lakini bei inapopanda, anayefaidika ni yule ambaye jina lake limo katika daftari la Msajili wa Hati.

Nani anamiliki ghorofa?

Nchini Tanzania ardhi yote ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001, humpa raia haki ya kumiliki kwa muda ambao hauzidi miaka 99. Kwa hiyo anayenunua nyumba mjini hununua miaka iliyobaki katika hati. Kiwanja kilichopewa hati ya miaka 33, na miaka 20 ikawa imekwisha kutumika, si sawa na kiwanja cha miaka 99 kilichopimwa juzi, hata kama majengo yake yanafanana kama mapacha.

Kwa muda mrefu kulikuwa na tatizo la namna ya kumpa mtu hati ya ghorofa ya sita wakati kiwanja ni kimoja na hati ni moja. Sheria ya umiliki wa sehemu za majengo, Na. 16 ya mwaka 2008, ndiyo iliyoweka utaratibu. Jengo huchorewa ramani inayotenganisha kila sehemu, ramani hiyo husajiliwa, na kila fleti hupata hati yake. Mwenye fleti anamiliki sehemu yake peke yake, na wakati huohuo ana fungu katika vitu vya pamoja: ngazi, lifti, paa, tanki la maji, maegesho na kiwanja chenyewe.

Tofauti hii ndiyo kiini cha mambo. Fleti yenye hati yake inaweza kuuzwa, kurithishwa au kuwekwa rehani benki. Fleti isiyo na hati ni makubaliano kati ya mnunuzi na mjenzi, na nguvu yake haizidi nguvu ya karatasi waliyotia saini. Mjenzi akifilisika au akifariki, au benki ikija kudai kiwanja kilichowekwa rehani, mwenye karatasi huanza kupanga foleni pamoja na wadai wengine.

Mikataba mitatu inayofanana machoni

Katika mitaa ya Kariakoo neno "nimenunua" linaweza kuwa na maana tatu.

Ya kwanza ni umiliki kamili wa sehemu ya jengo, kwa hati iliyosajiliwa kama ilivyoelezwa hapo juu.

Ya pili ni fleti inayotokana na ubia. Familia yenye nyumba ya zamani huwa na kiwanja lakini haina mtaji. Mjenzi ana mtaji lakini hana kiwanja. Hukubaliana: familia itoe kiwanja, mjenzi ajenge, kisha wagawane sakafu. Wengine hugawana moja kwa moja. Wengine hukubaliana kwamba mjenzi atumie sakafu zake kwa miaka kadhaa kurudisha fedha zake, kisha jengo zima lirudi kwa familia. Anayenunua kwa mjenzi wa aina hii ya mwisho, bila kuusoma mkataba wa ubia, hununua miaka iliyobaki ya mjenzi tu. Siku muda ukiisha, familia ina haki ya kugonga mlango.

Ya tatu ni kilemba. Kila mfanyabiashara wa Kariakoo anakijua: ni fedha inayolipwa ili mpangaji aliyepo aondoke na mwingine aingie kwenye fremu. Kilemba kinaweza kufikia mamilioni mengi, na kwa sababu ya ukubwa wake wapo wanaodhani wamenunua. Hawakununua. Kilemba hununua nafasi ya kupanga, na mwenye nyumba anabaki yuleyule. Katika fleti nako mchezo huu upo, ambapo mpangaji "humwuzia" mwingine nyumba asiyoimiliki. Katika maeneo ya jirani kama Kisutu na Upanga, ambako majengo mengi ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalitaifishwa mwaka 1971 na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba, kabla ya majukumu hayo kuhamia Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990, suala la nani mpangaji na nani mmiliki linahitaji uangalifu maalumu.

Nyumba ya urithi

Majengo mengi ya Kariakoo yamesimama juu ya viwanja vya familia. Babu alijenga, baba akarithi, na watoto sasa wametawanyika Temeke, Tanga, Muscat na London. Jina katika hati linaweza kuwa bado la babu aliyefariki zamani.

Mtu aliyekufa hawezi kuuza, na mtoto mmoja hawezi kuuza kwa niaba ya ndugu zake kwa sababu tu ndiye anayeishi pale. Anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na ni vyema warithi wote wakubali kwa maandishi. Shangazi mmoja asiyetajwa katika makubaliano anatosha kuweka zuio kwa Msajili na kusimamisha kila kitu kwa miaka.

Vilevile kuna mke au mume. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mnunuzi anayeambiwa "mama hana neno" anapaswa kuomba neno hilo liandikwe na lisainiwe mbele ya wakili.

Hesabu ya mwekezaji

Tuseme fleti inauzwa shilingi milioni 180. Hii si bei ya mtaa wowote, ni hesabu ya mfano ili msomaji aone njia ya kupima. Tuseme pia pango lake ni shilingi 900,000 kwa mwezi, sawa na milioni 10.8 kwa mwaka. Dalali atasema faida ni asilimia 6. Sasa zitolewe gharama.

Mwezi mmoja bila mpangaji katika mwaka ni shilingi 900,000. Mchango wa huduma za pamoja, yaani lifti, mlinzi, usafi na mafuta ya jenereta, ukiwa 100,000 kwa mwezi, ni milioni 1.2. Matengenezo pamoja na kodi ya jengo, ambayo tangu mwaka 2021 hukatwa kupitia manunuzi ya umeme, yawekewe 600,000. Kodi ya mapato ya pango kwa kiwango cha asilimia 10 ya pango lililopokelewa ni 990,000. Kinachobaki ni takriban milioni 7.1, ambayo ni chini kidogo ya asilimia 4 ya fedha iliyowekezwa.

Kwa kulinganisha, hati fungani ya Serikali ya miaka 25 iliyouzwa mwaka 2022 ilikuwa na riba ya asilimia 12.56 kwa mwaka. Milioni 180 katika riba hiyo ni takriban milioni 22.6 kwa mwaka, bila mpangaji, bila bomba kupasuka. Kwa maana hiyo fleti ya mfano huu inalipa tu ikiwa thamani yake itapanda kwa zaidi ya asilimia 8 kila mwaka, na ikiwa siku ya kuuza mnunuzi atapatikana. Thamani ya jengo haipandi kwa sababu mtaa una watu wengi. Hupanda pale ambapo hati ni safi na jengo limetunzwa.

Kwa anayetaka kuishi, hesabu ni tofauti. Yeye huokoa pango analolipa kwingine, nauli au mafuta ya gari, na saa mbili au tatu za foleni kila siku. Saa hizo kwa mwenye duka ni mauzo. Mnunuzi wa namna hii anaweza kukubali kipato kidogo cha karatasi kwa sababu faida yake iko dukani.

Mkopo wa nyumba

Tangu sheria ya mikopo ya nyumba ya mwaka 2008, na kuanzishwa kwa kampuni ya TMRC inayozipatia benki fedha za muda mrefu, mikopo ya kununua nyumba imepatikana kwa muda mrefu zaidi kuliko zamani. Riba imekuwa kati ya asilimia 15 na 19 katika miaka ya karibuni.

Katika mfano uleule, mnunuzi mwenye milioni 80 akikopa milioni 100 kwa riba ya asilimia 16 kwa miaka 15, marejesho yatakuwa kama shilingi 1,469,000 kila mwezi. Hadi mwisho atakuwa amelipa benki takriban milioni 264. Pango la 900,000 haliwezi kubeba deni hilo. Mwenye fleti atalazimika kuongeza zaidi ya shilingi 560,000 kila mwezi kutoka dukani, msimu ukiwa mzuri au mbaya. Mfanyabiashara anayetegemea mauzo ya Ramadhani na ya mwezi Desemba ajiulize Februari atalipa na nini.

Hata hivyo, ombi la mkopo lina faida moja isiyosemwa sana. Benki haikopeshi juu ya hati yenye mashaka. Benki ikikataa kuipokea fleti kama dhamana, mnunuzi mwenye fedha taslimu naye ana sababu ya kusita.

Gharama zisizomo katika tangazo

Bei ya dalali haina kila kitu. Ushuru wa stempu wa asilimia 1 hulipwa wakati wa kuhamisha miliki. Muuzaji ana kodi ya ongezeko la mtaji, na pasipo cheti cha kodi hiyo uhamisho haukamiliki; kwa hiyo mkataba useme wazi nani anailipa. Kuna ada ya wakili, ya mthamini na ya usajili. Ikiwa fleti ni mpya na muuzaji ni mjenzi aliyesajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani, iulizwe mapema kama kodi hiyo imo ndani ya bei. Kwa kiwango cha asilimia 18, juu ya milioni 180 ni shilingi milioni 32.4. Wengi hulijua hili siku ya ankara.

Jengo lenyewe

Mwezi Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya jiji, Mtaa wa Indira Gandhi, liliporomoka na kuua watu 36. Novemba 16, 2024 ghorofa lilianguka Kariakoo kwenyewe, siku ya biashara, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Baada ya tukio hilo Serikali iliagiza majengo ya eneo zima yakaguliwe.

Mnunuzi wa fleti hana budi kuliona jengo kwa jicho hilo. Aulize kibali cha ujenzi kiliruhusu ghorofa ngapi, kisha atoke nje ahesabu zilizopo. Aulize majina ya mhandisi, mbunifu na mkandarasi, na kama wamesajiliwa na bodi zao. Aangalie kama chini pamechimbwa au kuta zimetolewa ili kuongeza fremu baada ya jengo kukamilika. Apande ghorofa za kati aone kama fleti zimegeuzwa stoo za vitenge, vyombo au vipuri. Mzigo huo una uzito ambao sakafu ya kuishi haikuhesabiwa kuubeba, na ukishika moto njia ya kutokea ni ngazi moja. Ghorofa zikigeuka ghala, hata thamani ya makazi hushuka, kwa kuwa hakuna familia inayotaka kulala juu ya makuli wanaoshusha mizigo usiku kucha.

Aulize pia habari za chama cha wamiliki wa jengo. Je, kipo? Kinakutana? Kina akaunti benki? Nani hulipia lifti ikiharibika? Jengo lisilo na chama huzeeka haraka, kwa sababu kila mmoja husubiri mwenzake alipe kwanza.

Hatua kabla ya kutoa fedha

Mpangilio ambao mawakili wa ardhi huwashauri wanunuzi ni huu. Kwanza, upekuzi rasmi ufanyike katika ofisi ya Msajili wa Hati ili kujua jina la mmiliki, miaka iliyobaki, rehani na zuio lolote. Pili, matumizi yaliyoandikwa katika hati yalinganishwe na matumizi ya jengo. Tatu, ihakikishwe kuwa kodi ya pango la ardhi haina malimbikizo. Nne, mkataba wa ubia usomwe wote, kama upo. Tano, mhandisi asiyeajiriwa na muuzaji alikague jengo. Sita, mkataba wa mauzo uwe wa maandishi, maana sheria haiutambui wa mdomo, na malipo yagawanywe kwa awamu: sehemu wakati wa kusaini, sehemu kubwa pale hati inapohamishwa.

Kwa anayenunua jengo ambalo bado linajengwa, awamu zifungwe kwenye kazi iliyokamilika, si kwenye tarehe za kalenda. Na mkataba useme lini hati ya sehemu itatoka, na fedha itarudije isipotoka.

Kazi hii huchukua wiki kadhaa, na dalali atasema yupo mteja mwingine mwenye fedha mkononi. Huenda ni kweli. Lakini mfanyabiashara huyohuyo asingepokea kontena bila kuona nyaraka za bandarini, na fleti moja ina thamani ya makontena mengi. Wahenga wa biashara walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa fleti ya Kariakoo, daftari hilo lipo kwa Msajili wa Hati, na ada ya kulifungua ni ndogo mno kuliko akiba ya miaka 20 ya dukani.